Umebusti, laiki zimejaa, wateja hakuna: hela yako ilinunua nini hasa?

Ukikaa na watu wenye biashara ndogo, maongezi hayachelewi kufika huku: mtu katoa hela yake akabusti posti, yaani kailipia Facebook au Instagram iwafikie watu wengi zaidi, laiki zikamiminika, komenti za hongera zikajaa, halafu dukani kimya. Anakwambia kabisa matangazo ya mtandaoni ni wizi, hawezi kurudia. Mwenzake aliyekaa pembeni anadakia, mbona mimi nilibusti mara moja tu simu ikawa haipumui? Wanabishana mpaka jioni na wote wawili wanasema kweli, ndio maana watu wanazidi kuchanganyikiwa.

Mimi naona shida iko sehemu moja. Ukilipia tangazo hujanunua wateja. Umenunua nafasi ya kuonekana mbele ya watu fulani, na hao watu wamechaguliwa na mashine, yaani programu ya mtandao wenyewe, kwa kufuata kitu ulichoiambia unakitaka. Na wengi hawakumbuki hata kama kuna kitu waliiambia.

Tuanze na maneno maana yanachanganywa sana. Posti ya kawaida ni ile unayoweka kwenye ukurasa wako bure. Tangazo ni posti uliyolipia ifike kwa watu ambao isingewafikia. Kubusti ni njia ya mkato ya kutengeneza tangazo, unachukua posti ambayo ipo tayari, unabonyeza kitufe, unachagua vitu vichache, unalipa. Njia ndefu ni kuingia kwenye sehemu ya Facebook na Instagram ya kusimamia matangazo, pale kuna machaguo mengi zaidi, na watu wanaikwepa kwa sababu ukiifungua inatisha kidogo.

Halafu kuna namba. Riichi ni idadi ya watu walioliona tangazo. Impresheni ni mara ngapi limeonekana, kwa hiyo mtu mmoja akiliona mara tatu, riichi ni 1 na impresheni ni 3. Mibofyo ni waliobonyeza. Na mteja ni mtu aliyetoa hela. Huyo wa mwisho mara nyingi hata haonekani kwenye ripoti kwa sababu kalipia dukani au kwa simu, mtandao wenyewe haujui kama alinunua. Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Sasa mtu atauliza, nina folowa 3000, kwa nini nilipie ili wanione si wameshanifuata? Swali la haki kabisa. Zamani kidogo ilikuwa hivyo, ulikuwa ukiposti Instagram posti zinapangwa kwa muda, ya karibuni inakaa juu. Mwaka 2016 Instagram wakaanza kuzipanga kwa kukadiria kila mtu atapenda kuona nini kwanza. Facebook walianza mambo hayo mapema zaidi, na Januari 2018 wakatangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitapewa kipaumbele kuliko za kurasa za biashara na vyombo vya habari. Hawakuficha, walisema wazi. Huo upangaji ndio watu wanauita algorithimu na kuuogopa kama jini, kumbe ni programu tu inayokadiria. Chukulia una dakika kumi za kukaa na simu kabla hujalala, na kuna posti mia tano mpya za watu na kurasa unazofuata. Huwezi kuziona zote, lazima kuna zitakazobaki chini. Inaangalia ulizoea kubonyeza nini, ulisimama wapi ukaangalia video mpaka mwisho, unachati na nani, kisha inapanga. Posti yako ya viatu inashindana na picha ya mtoto wa dada yake huyo mtu. Bila kulipia, mara nyingi utashindwa, na sio kwamba mtu kakuonea.

Ukilipia ndo unaingia kwenye mnada. Neno mnada linawapotosha watu, wanafikiri mwenye hela nyingi ndiye anayeshinda siku zote, kwa hiyo mdogo hana chake. Haiendi hivyo. Meta, ambao ndio wenye Facebook na Instagram, wameeleza wenyewe kwamba wanaangalia vitu vitatu: umeweka dau kiasi gani, kuna uwezekano gani huyu mtu atafanya unachotaka, na tangazo lenyewe lina ubora gani, yaani watu wanalificha na kuliripoti au wanalipokea vizuri. Tuweke namba tuone. Mwenzako mwenye mtaji mkubwa yuko tayari kutoa 10 kwa kila mtu atakayemtumia meseji, wewe unatoa 5. Mashine inakadiria kwamba kati ya watu 100 wa aina ile, tangazo lake litapata mtu 1 wa kutuma meseji, lako litapata 4. Yeye 10 mara 1 ni 10, wewe 5 mara 4 ni 20. Nafasi unachukua wewe, na dau lako ni nusu ya lake. Hiki kitu kwa mtu mwenye biashara ndogo ni habari njema sana na sielewi kwa nini hakisemwi mara nyingi. Tangazo zuri lililoenda kwa watu sahihi linapunguza gharama, kihalisia kabisa.

Haya, tufike kwenye lengo, hapa ndo hela nyingi zinapotea.

Dada mmoja fundi wa kushona nguo alinifuata na simu yake mkononi, akaniambia, "Kaka hebu niangalizie, hawa watu wamenila hela." Tukafungua ripoti yake pamoja. Tangazo lilikuwa picha ya gauni, picha nzuri tu, riichi ilikuwa maelfu, laiki zaidi ya mia nne, meseji mbili. Moja ya hizo meseji ilikuwa mtu anauliza kama anaajiri. Nikamwambia tushuke chini tuone lengo. Limeandikwa kwamba anataka watu washiriki kwenye posti. Basi. Mashine ilifanya kazi yake vizuri sana, ilikwenda ikawatafuta watu ambao tabia yao ni kulaiki, maana wapo watu mkono wao ni mwepesi, wanapita wanalaiki kila kitu, na bei ya kuwafikia ni rahisi. Hajawahi kununua kitu mtandaoni wala hana mpango, ila laiki atakupa. Dada alikuwa ameomba laiki akapewa laiki, na hakujua kama ameomba.

Ni kama dalali. Ukimwambia niletee watu waje waangalie nyumba, atakuletea msururu wa waangaliaji, watazunguka vyumba vyote, watasifia madirisha, wataondoka. Hajakosea, hicho ndicho ulichomtuma. Ukimwambia nataka mtu wa kuhamia mwezi huu, atawapigia simu wengine kabisa, wachache.

Kwa hiyo ukibonyeza kile kitufe cha kubusti usikimbilie kwenye kulipa. Pale juu kunakuwa na sehemu inayouliza unataka matokeo gani, na mara nyingi imeshachaguliwa kwa ajili yako, au imeandikwa kwamba wao watakuchagulia. Ibadilishe. Kama wateja wako wanaanza kwa kuuliza kwenye inboksi au WhatsApp, chagua meseji. Kama una tovuti watu wananunulia humo, hapo unahitaji kuingia njia ndefu uchague mauzo, na tovuti iwe imewekwa pikseli, ambayo ni kijikodi kidogo kinachoirudishia Facebook taarifa kwamba huyu mtu uliyemleta kaweka kitu kwenye kikapu, huyu kalipa. Bila hiyo taarifa mashine inatafuta wanunuzi ikiwa imefumba macho.

Watu wa kuwafikia nao wana mtego wao, mitego miwili inayopingana. Wa kwanza ni kutangaza kwa nchi nzima wakati wewe huduma yako mtu anaifuata kwa miguu. Kama unanyoa nywele, mtu aliye safari ya masaa matano ana faida gani kwako? Weka mji wako au chora duara la kilomita chache kuzunguka ulipo, inawezekana. Mtego wa pili ni kuchuja kupita kiasi, umri miaka 27 mpaka 30, wanawake, wanaopenda mitindo, na wasafiri, na wenye simu aina fulani, mwisho unabaki na watu kiduchu, mashine haina pa kuchezea na bei inapanda. Mimi huwa nasema eneo libane, vingine viachie nafasi, hasa kama lengo ulilochagua ni sahihi.

Hapa lazima niguse lile suala la simu kutusikiliza maana haliishi. Mtu anasema niliongea na mke wangu habari ya godoro, baada ya saa moja tangazo la godoro. Facebook walikanusha hadharani mwaka 2016 kwamba wanatumia maikrofoni kuchagua matangazo, na ukweli ni kwamba hawahitaji. Mke wako alitafuta magodoro kwenye simu yake jana, mnatumia intaneti moja, mnalala sehemu moja, na zile tovuti alizotembelea zina pikseli. Inatosha kabisa. Taarifa za aina hiyo zilipungua kidogo Aprili 2021, Apple walipoleta iOS 14.5, toleo jipya la mfumo wa kuendeshea iPhone, iliyolazimisha kila programu iombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu kwenye programu na tovuti za wengine, na watu wengi walipoulizwa wakakataa. Kwa mwenye biashara ndogo maana yake ni kwamba ripoti za siku hizi zina makadirio ndani yake, mauzo mengine yanatokea na hayaonekani. Ndio maana nitakuambia uwe na daftari lako.

Kitu kingine ni haraka. Mtu anaweka tangazo asubuhi, mchana anaona kimya anabadilisha picha, jioni anabadilisha umri, kesho anazima. Mashine ina kipindi cha kujifunza, inajaribu kwa watu tofauti tofauti ione nani anaitikia. Meta wanasema kundi la matangazo linatulia likishapata matokeo kama 50 ndani ya wiki, na kila ukifanya badiliko kubwa unairudisha mwanzo. Sasa biashara ndogo kupata mauzo 50 kwa wiki kutoka kwenye tangazo moja ni ndoto kwa wengi, kwa hiyo mara nyingi ni bora kuchagua lengo la karibu zaidi ambalo hutokea mara nyingi, kama meseji, na kuliacha tangazo siku kadhaa bila kuligusa. Na hela kidogo uliyonayo usiigawe kwenye matangazo sita, weka moja au mawili.

Kuhusu kununua folowa sitaki kuzunguka, usinunue. Hao sio watu, au ni watu ambao hawakujui. Unakuwa na folowa 20000 na laiki 11, mteja anayekuja kukuchunguza kabla ya kutoa hela analiona hilo ndani ya sekunde mbili, na ile mashine inayokadiria nani anapenda posti zako inapewa picha ya uongo. Na usibabaike na mtu aliyeenda vairo. Video kutazamwa na watu laki tano walio nchi nyingine haikusaidii kitu kama unatengeneza mabomba.

Tangazo lako likikataliwa pia usidhani ni chuki. Mara nyingi ni maneno. Kanuni za Meta haziruhusu tangazo linalomgusa mtu kwa hali yake binafsi, kwa mfano kumwambia msomaji "wewe mnene" au "una madeni", hata kama nia yako ni kumsaidia. Zile picha za kabla na baada kwenye mambo ya kupunguza mwili nazo zinaweza kuleta shida. Badilisha uongelee huduma yako badala ya kumsema mtu. Na kwa kuwa nimegusa kukataliwa, kuna meseji zinakuja inboksi zinajiita za usalama wa Facebook, zinasema ukurasa wako utafungwa leo usipobonyeza hapa uthibitishe nenosiri. Ni matapeli. Usibonyeze, hata kama ina nembo, watu wamepoteza kurasa za miaka kwa dakika moja ya hofu.

Turudi kwa dada fundi. Tulibadilisha lengo kuwa meseji, eneo tukaliweka mji wake tu, na badala ya ile picha ya gauni kwenye hanga akachukua video yeye mwenyewe kwa simu, mikono yake inapima kiuno, inakata kitambaa, gauni linavaliwa, na maandishi mwanzo kabisa yanayosema bei inaanzia ngapi na inachukua siku ngapi. Laiki zilishuka sana. Akanipigia kuniambia hii mbona mbaya kuliko ile ya kwanza? Nikamuuliza meseji ngapi. Kumi na tisa.

Ila kati ya hizo kumi na tisa, saba zilikuwa zimekaa tangu jana yake usiku hazijajibiwa. Na hii ndio sehemu ambayo tangazo haliwezi kukusaidia, mtu kashawishika, kabonyeza, kauliza, halafu anajibiwa kesho yake saa tisa kwa neno moja, "ipo". Au ile tabia ya kuficha bei, njoo inboksi, akija inboksi anaulizwa unataka ngapi, anasema nataka bei, anaambiwa piga simu. Umelipia kumleta mtu mlangoni halafu umefunga mlango. WhatsApp Business ipo tangu 2018, ya bure, ina katalogi unaweka picha na bei, ina majibu ya haraka unayoandika mara moja, ina ujumbe wa kumwambia mtu kwamba uko nje ya muda wa kazi utamjibu saa fulani. Wengi wanayo kwenye simu na hawajawahi kuweka hata kimoja.

Na namba za wateja zitunze nje ya hiyo mitandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima kwa pamoja dunia nzima kwa karibu masaa sita, na mtu ambaye biashara yake yote ilikuwa humo alikaa anaangalia simu tu. Zaidi ya kuzima, akaunti inaweza kudukuliwa au kufungwa. Namba iliyoandikwa kwenye daftari hakuna anayeizima. Omba ruhusa wakati mteja analipa, na mwombe akusevu, kwa sababu ujumbe wa orodha kwenye WhatsApp, ule unaoutuma mara moja kwa watu wengi, unamfikia tu mtu aliyesevu namba yako, na orodha moja mwisho ni watu 256. Watu wanatuma wanasema hawajibiwi, kumbe haukufika kabisa.

Mwisho hesabu, na hii haihitaji uwe mhasibu. Tuseme umeweka 100 ya hela yoyote unayotumia. Watu 2000 wakaona, 40 wakabonyeza, 10 wakatuma meseji, 2 wakanunua. Kila mteja amekugharimu 50. Kama faida yako kwa bidhaa moja baada ya kutoa gharama ni 80, umepata, ongeza polepole. Kama faida ni 30, umepata hasara ya 20 kwa kila kichwa, hata kama laiki zimefika elfu, isipokuwa wale watu huwa wanarudi, hapo unapiga hesabu ya manunuzi yao ya mwaka mzima badala ya siku moja. Na uangalie pale mnyororo unapokatika. Wakiona wengi wasibonyeze, tatizo ni picha au watu uliowachagua. Wakibonyeza wasitume meseji, angalia bei na maelezo. Wakituma meseji wasinunue, tatizo liko kwenye kujibu kwako au bidhaa yenyewe, na hapo kuongeza hela ya tangazo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Hiyo hesabu haiwezekani bila kujua nani alitoka kwenye tangazo, na nilishasema mtandao haujui kilicholipwa dukani. Dada fundi siku hizi ana daftari la kawaida pembeni ya cherehani, lina safu nne: tarehe, jina, kiasi, na jibu la swali moja analomuuliza kila anayekuja kupimwa, "umetuonea wapi?" Mwezi wa kwanza wa kuandika aligundua kitu ambacho hata mimi sikukitegemea, zaidi ya nusu ya waliotoa hela walisema waliletwa na mtu aliyeshonewa pale kabla, na wengi wa hao wa kabla ndio walikuwa wametoka kwenye lile tangazo la video. Sasa hivi akitaka kulipia tangazo anafungua daftari kwanza.